Suruali Ndefu za Askari wa Hispania

Nilitoka Nakuru Ijumaa asubuhi kwa sababu Mzungu mmoja wa Elburgon, mwenye kiwanda cha mbao, alitaka kucheza vita. Kesho yake wageni wangekuja kutazama mchezo wa vita vya zamani vya Napoleoni, na wapasuaji mbao wake ndio wangekuwa askari wa Hispania, wale wepesi wanaotangulia mbele ya jeshi. Tajiri wangu wa dukani alinipa picha na kitambaa, nikashona: koti fupi la kijani, kola nyekundu, uzi wa manjano kifuani, na suruali ndefu mpaka kwenye kifundo. Mimi mwenyewe nilivaa kaptula. Hiyo ndiyo sheria ya tajiri: mfanyakazi mweusi, hata awe baba wa watoto, magoti nje.

Garimoshi lilipopita Njoro, baridi ilianza kuniuma. Askari mmoja wa polisi alikagua kipande changu cha kazi, akapekua furushi, akauliza nguo za nani. "Za Wahispania," nikamjibu. Alidhani namdhihaki.

Elburgon, mchana. Nyapara wa kiwanda, Kiptoo, alinikaribisha chai, kisha yeye na wenzake wakavaa. Alitembea hadi kwenye magogo akarudi polepole, akijitazama miguu.

"Fundi," akasema, "na hii mnizike nayo."

Mara Bwana mwenye kiwanda akaja, furaha tele, akatueleza habari za vita. "Hawa watu ya Hispania iko kali sana. Mufaransa nakuja kamata inchi yao, wao nakataa, napigana kwa milima." Kisha akaona suruali. "Fundi! Kata hii yote, hapa kwa goti. Mimi hapana taka boi na suruali mrefu mbele ya wageni."

Kiptoo akauliza kwa adabu, "Bwana, hao watu walikataa wageni wakiwa na kaptula?"

Bwana aliiva uso kuliko zile kola zangu. "Kata!"

Niliogopa, nisidanganye. Neno moja kwa tajiri, na kazi imekwenda. Lakini hasira ilinishinda. Nikautia mkasi mkobani.

"Sikati."

"Na sisi hatuvui," akasema Kiptoo. Wenzake wakajipanga nyuma yake.

Jumamosi wageni walifika, na vita bila askari haviwezekani. Akina Kiptoo wakatoka na suruali zao ndefu, wakapigiwa makofi.

Nakuru, Jumapili. Tajiri alikuwa amekwisha kupigiwa simu. Alinijia mpaka landhi, kwenye vyumba vya wafanyakazi nilikokaa. "Kesho uje na kaptula na adabu, au usije."

Safari ile ilinifundisha kwamba nilikuwa nimekata nguo nyingi mno kwa kuambiwa tu. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimebaki. Nikakishona alasiri ile ile.

Jumatatu niliingia dukani nimefunikwa mpaka kwenye kifundo. Tajiri alinitazama miguuni. Mimi nikamtazama usoni, nikaketi kwenye cherehani, nikaanza kazi.