Mwisho wa Opera ya Mwalimu Zelinda

Watu wa mji wetu wa Roccapiana watakwambia wanaijua opera ya Zelinda Fornaciari. Waongo wakubwa! Hakuna aliyeisikia mpaka mwisho, na mimi Desolina nina haki ya kusema, maana mwisho huo ulikuwa wangu kuuimba.

Zelinda alikuwa binti wa Mzee Primo, mtia chumvi mapaja ya nguruwe. Kwetu hiyo ni kazi ya heshima, na mtia chumvi hakosi opera. Mzee Primo aliketi roshani ya juu kabisa, kwenye mabenchi ya mbao, pamoja na wachinjaji na vinyozi wanaojua kila opera kwa ghibu, ambao wakichukia hupiga miluzi mpaka mwimbaji atamani kuzaliwa bubu. Matajiri hukaa chini kwenye viti vyenye mito, lakini hukumu hutoka juu. Zelinda alikulia huko, magotini pa baba yake, akajua kupiga mluzi kabla ya kujua kusoma.

Alipokua akawa mwimbaji, mwenye ile sauti nzito ya kike. Sauti nzito hupewa nini? Yaya, mchawi, mama mkwe. Mwenye sauti nyembamba anakufa kwa mapenzi na kurushiwa maua, Zelinda kashika taa pembeni. Mara moja tu alipewa nafasi kubwa, tena hapa hapa nyumbani. Pale watu walipozoea kusikia sauti ikipaa, yeye akaishusha ikawa karibu na mnong'ono, kwa sababu mwanamke wa hadithi alikuwa amefiwa, na mfiwa hapigi tarumbeta. Roshani ikampigia miluzi. Na aliyeanza, jamani, alikuwa baba yake mzazi.

"Nakupenda, mwanangu," Mzee Primo alimwambia mezani, "lakini ile sauti ya juu tulikuwa tumeingoja."

Zelinda akampakulia chakula. Mwaka uliofuata aliacha jukwaa akawa mwalimu.

Alitufundishia jikoni, piano imebanana na jiko. Unaimba huku unakanda unga wa tortelli, vile vifuko vya unga vya kujazwa jibini, na ukikosea unapigwa mwiko mkononi. Somo lake kuu lilikuwa moja. "Wale wa juu ni mbwa wenye njaa," alituambia. "Wape mfupa wao kwanza, ndipo useme lako." Mimi sikulishika vizuri, nikaishia kwenye kwaya. Aliyelishika ni Learco, mtoto wa fundi pikipiki, kijana mwenye kifua cha ng'ombe na sauti ya juu ya kiume ambayo Mungu huwapa wasiojua cha kuifanyia. Zelinda alimfundisha bure, akamlisha, akamnunulia viatu. Learco akaenda miji mikubwa, akapata jina kubwa.

Uzeeni ndipo mwalimu akaanza kutunga. Opera yake ilihusu mwendesha mtumbwi anayekufa katika mafuriko ya mto wetu. Kijana anakufa kwa sauti ya chini, pole pole. Kisha mama yake, nafasi aliyonipa mimi, anabaki peke yake na shati lake lililolowa, analikunja, anaimba. Hapo ndipo opera inapoishia, bila kelele.

"Yote yaliyotangulia nimewaandikia wale wa juu," aliniambia. "Huo mwisho ni wangu. Nataka niusikie mara moja tu, humo humo ukumbini waliponipigia miluzi. Baada ya hapo nife, sina neno."

Nikamwomba nimwimbie jikoni, aonje tu.

"Thubutu!" akasema. "Sikuandika wimbo wa kubembelezea mtoto."

Meneja wa ukumbi, Ermes, alimzungusha miaka. "Zelinda, dada yangu, opera si tortelli."

"Kweli," akajibiwa. "Tortelli zangu hujawahi kuzibakiza."

Ermes alikubali tu Learco alipoahidi kuimba. Siku zote za mazoezi Learco alikufa vizuri, kwa sauti ya chini, hata nikaanza kumpenda, mshenzi yule.

Ikafika Jumapili ya onyesho, mchana. Ukumbi ulijaa pomoni. Nilikuwa nimeshasimama jukwaani, shati mkononi, nangoja mwanangu afe. Learco akaanza kushusha sauti. Huko juu mtu akakohoa, mwingine akafuata, kisha mchinjaji mmoja akapaza, "Learco! Tumelipia sauti, hatukulipia pumzi!"

Nilimwona akitazama juu roshani. Macho yakamtoka, kifua kikajaa, na ile sauti iliyoandikwa chini akaitupa juu kwenye dari. Lo! Roshani ikalipuka. "Rudia! Rudia!" Maiti ikainuka, ikainama kwa adabu, ikafa mara ya pili, juu zaidi. Kwetu kila mtu anajua kwamba sauti ya namna ile ndiyo kikomo cha opera. Basi wakajua imekwisha. Maua yakarushwa, wapigaji wakashusha vinanda, na mvuta pazia, naye akiwa mtu wa hapa hapa, akaliachia pazia likashuka mbele ya pua yangu. Mdomo wangu ulikuwa wazi.

Wakamsukuma Zelinda aende akainame. Akainama. Aliporudi nyuma ya pazia, Learco alimkumbatia, jasho linamtiririka.

"Mwalimu, umeona? Wamesimama wote!"

"Nimeona, mwanangu. Wamesimama, sasa wanaondoka."

"Lakini si ni wewe uliyenifundisha? Wape mfupa wao kwanza!"

"Kwanza, Learco," akasema. "Nilisema kwanza."

Ermes alitaka kuirudisha msimu uliofuata, ikomee palepale kwenye makofi. Zelinda akamfukuza kwa mwiko. Hakutunga tena. Majira ya ukungu yalipofika alikufa, mwisho wake hakuusikia.

Learco alikuja mazikoni na koti jeusi la bei. Kanisani akaimba kifo cha mwendesha mtumbwi, kwa sauti ya juu, bila haya. Watu wakalia. Nilimchukia mpaka meno yaliniuma. Alipomaliza, nikasimama mimi.

Ermes akanivuta nguo. "Kaa chini, Desolina, imekwisha."

"Haijaisha!" nikamwambia, nikaanza kuimba, shati sina.

Wabebaji walikuwa wameshaliinua jeneza. Nikalifuata nikiimba, kila neno kama alivyoliandika, hadi mlangoni. Umati wote ulikuwa nje unangoja. Na sisi, jeneza linapotoka kanisani, humpa marehemu heshima yake kwa makofi. Wakapiga kwa upendo, mikono juu, wengine wanalia, mchinjaji yule akiwa mbele yao. Niliimba mpaka neno la mwisho, na kwa makofi yale hata masikio yangu mwenyewe hayakulisikia.