Wito wa Maji

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua, mwanangu, wakati mtaa wetu huu wa karibu na soko kuu la Uvira ulikuwa bado na nyumba za udongo. Mlima uko nyuma yetu, ziwa liko mbele, na maji ya mlima lazima yapite kwetu. Kwa hiyo tulikuwa na desturi. Anayekaa juu kabisa akiona mfereji umegeuka mwekundu, anaita, "Maji!" Jirani wa chini yake anapokea, naye anaita, parsele kwa parsele, yaani kiwanja kwa kiwanja, hadi ufukweni. Wito ulifika kabla ya maji.

Mchana ule wito ulikatika kwa baba yangu mdogo. Alikuwa ametoka kuezeka mabati mapya. Aliposikia wito, akafunga dirisha. Koko Tabita, bibi mzee aliyekaa chini yake, alipoteza mbuzi na unga wote. Alipanda akiwa amelowa hadi kiunoni, akasimama mlangoni mwa baba mdogo, sisi sote tukitazama.

"Weye, ulisikia?"

"Nilisikia, koko. Lakini kwangu maji haifikake."

"Basi ni weye wa kuita. Minye niko nakimbia, nitaita saa ngapi? Leo utalala kwangu. Minye nitalala kwako."

Baba mdogo alicheka, akidhani ni utani wa koko na mjukuu. Koko akaingia ndani, akavua kanga iliyolowa, akajilaza kitandani. Baba mdogo alilala kwa koko, kwenye matope. Tangu hapo hakuna aliyeita kwa nguvu kumshinda.

Sasa barabara ina lami, kuna taa za jua, na nyinyi vijana mmejenga ghorofa zenye kuta ndefu na mageti ya chuma. Mnasema mtaa umefufuka. Lami naipenda, hata mimi natembea juu yake. Lakini juzi mvua ilinyesha mlimani, wito ukashuka hadi kwenye kuta zenu, ukafia hapo. Mama Feza, yule muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, wa kule chini, alikuwa anambembeleza mjukuu alale maji yalipoingia. Mtoto walimtolea dirishani, mzima. Nyumba haipo tena.

Nilikuja getini kwenu kuuliza. Mmoja akanijibu bila kuinua macho kwenye simu, "Papa, tulisikia. Tulidhani ni watu wa maombi."

Mwenzake akaongeza, "Na sisi tuko juu, papa. Kwetu iko kavu."

Niliondoka kwa hasira. Ndiyo maana naandika. Mlijua pa kununua saruji na fundi wa kuwawekea vigae. Hakuna hata mmoja aliyeuliza chini yake anakaa nani.

Mwanangu, shika hili. Ukihamia mtaa, kabla hujainua ukuta, uliza maji hupita wapi na ni nani anayelala mbele ya njia yake. Ukisikia wito, fungua geti uite, hasa kama kwako ni pakavu, kwa sababu wewe ndiye mwenye nafasi ya kuita.

Leo jioni Mama Feza atapanda kulala kwenu na mjukuu wake. Nitamsindikiza mwenyewe. Mungu ailinde nyumba yako na maji ya mlima, akupe watoto wenye masikio, na wazeeke humo salama. Lakini jioni, tukibisha, ufungue.