Mparachichi wa Kambi ya Juu

Kiwanda kilipouzwa kwa mwekezaji na sisi tukaambiwa tukachukue vyetu, sikujua kufanya kitu kingine zaidi ya kutembea. Miaka yote niliyofuma magunia nilikuwa napanda Uluguru kila Jumapili, kwa sababu vumbi la wiki nzima lilikuwa limenijaa kifuani na huko juu ndiko nilikopumua. Wenzangu walinicheka. Mtu wa Gairo huyu, walisema, kazoea upepo na vumbi, akiona ukungu anachanganyikiwa.

Basi mlima ukawa kazi. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, na wageni walikuwa wameanza kuja: Wazungu wenye viatu vizito, na watu wachache wa Dar waliotaka kupiga picha wakiwa wamevaa masweta ya mitumba. Niliwapandisha kupitia mashamba ya kabichi, kisha migomba, kisha msitu wenyewe, ambako maji hudondoka kwenye majani hata siku isiyo na mvua. Kila mgeni aliulizia chui. Niliwaonyesha kinyonga, wakaridhika.

Nilikosa mahali pa kuwalaza. Bibi mmoja wa Kiluguru, mkubwa wa ukoo wenye ardhi pembezoni mwa msitu, ndiye aliyenifaa. Kwao ardhi hufuata upande wa mama, na mtu wa kuja kama mimi huazimwa tu. Nilimwamkia nimechuchumaa.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Lima maharage, simamisha mahema yako, jenga na kibanda. Kila ukivuna niletee kapu moja. Hiyo ndiyo ngoto yetu, tukiipokea ujue bado tupo pamoja. Ila mti wa kudumu usipande. Mwenye kupanda mti kwetu anadai ardhi."

Nikasema nimesikia. Na nilisikia kweli, sina pa kujifichia.

Mke wangu alihamia nami huko juu. Tangu tutolewe kwenye nyumba za kiwanda alikuwa amenyamaza, siku nzima maneno mawili, matatu. Kambini akafufuka. Aliwapikia wageni ndizi na maharage, akawatania kwa Kiswahili wasichokijua, akawashika mikono kuwaonyesha bwawa la Mindu likimeremeta chini kabisa kama sahani ya bati. Nilikuwa nateremka na wageni, nikiwaacha kituo cha mabasi, narudi juu mbio kama kijana anayechumbia. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sijawahi kuipata tena.

Kisha wakaja mzee mmoja wa Kizungu na mkewe, watu wapole. Walikuwa na desturi ya kuacha mti kila mlima waliopanda, na walikuwa wamenunua mche wa mparachichi sokoni mjini. Jioni mzee akaniuliza autie wapi. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Njia nzima nilikuwa nimejitapa: kambi yangu, shamba langu, mlima wangu. Niliona haya kumwambia kwamba nimeazimwa hata mahali pa kuchimba shimo. Nikamwonyesha pembeni ya kibanda, nikajisemea moyoni kwamba wakishaingia kwenye basi la kurudi nitaung'oa.

Niliporudi kesho yake kutoka kuwateremsha, mke wangu alikuwa ameuzungushia mawe na anaumwagilia maji aliyooshea mchele.

"Huu wetu," alisema. "Tutakula matunda yake tukiwa wazee."

Nilijua ninachopaswa kusema. Nikakaa, nikala, nikausifia mti.

Maharage yalipovunwa, mche ulikuwa umenifika kiunoni. Nilipeleka kapu kwa bibi. Alinikaribisha vizuri, akauliza habari za mke wangu, akauliza habari za wageni. Kapu hakuligusa. Nilipolisogeza, akalirudisha kwangu taratibu kwa mikono miwili.

"Mkale nyumbani, mwanangu."

"Bibi, hii ni ngoto."

"Ngoto huleta aliyeazima. Wewe umeshapanda."

Sikumngoja amalize. Nilipanda ile njia kwa kasi ambayo hakuna mgeni angeiweza, nikafika, nikaushika mparachichi kwa mikono yote miwili na kuung'oa. Mke wangu alitoka kibandani na mwiko mkononi. Alitazama shimo, akanitazama mimi, akarudi ndani. Nikateremka na mti begani, udongo ukiniingia kwenye kola, nikaulaza mbele ya bibi kama mtu anayeleta ushahidi.

"Ungekuja siku ile ulipopandwa tungecheka yakaisha," alisema. "Sasa ukoo umeshakaa kikao. Ardhi tunampa mjukuu wangu. Lakini mti, mwanangu, nani alikwambia uung'oe? Kwetu mti ni wa aliyeutunza, hata akihama. Wanangu walimwona mkeo akiumwagilia. Tulikubaliana huu abaki nao, awe anakuja kuchuma. Nilikuwa nataka kukwambia, ukaondoka mbio."

Niliomba niurudishe shimoni. Bibi akagusa mizizi, imekatika na kukauka, akatikisa kichwa. Machozi yalinitoka mbele ya wajukuu zake na sikuyafuta.

Tulihama kabla ya mvua, tukapanga chumba mjini, dirisha likiangalia ukuta. Wageni waliendelea kuja, wakachukuliwa na wengine. Mke wangu akarudi kwenye maneno yake mawili, matatu kwa siku. Mara moja tu, tukiwa tunakula, alisema yule bibi ana roho mbaya: ardhi ni yao, sawa, lakini mpaka kuagiza mti wa mwenzake ung'olewe?

Nilikuwa na tonge mdomoni. Nikalimeza, nikaitikia kwamba ndivyo walivyo wale. Miaka yote iliyofuata alimchukia bibi wa watu, na mimi alinionea huruma.