Toa Moja

Stesheni ninayoijua kuliko zote duniani sijawahi kuikanyaga. Iko Japani, katika mji mkubwa wa mkoani ambao jina lake nimelitamka vibaya kwa miaka mitano, na mdogo wangu wa kiume alikuwa akiteremka pale kila asubuhi kwenda kiwandani. Mimi naishi Silver Spring, Marekani, ghorofa ya tatu, na nikitoka basi ni kazini au kanisani. Kazini kwenyewe nakaa kwenye kibanda cha maegesho ya magari. Niliichagua kazi ile kwa sababu ina kiti. Mdogo wangu aliniita Konokono.

"Njoo dada, nikupokee stesheni," alikuwa akinisihi. "Hata konokono hutembea."

"Hutembea, ila hapandi ndege," namjibu.

Aliponichoka, akagundua kamera. Juu ya jengo linaloitazama stesheni ile kuna kamera inayoonyesha uwanja wa mbele moja kwa moja mtandaoni, usiku na mchana, na yeyote duniani anaweza kuangalia. Ilikuwa Aprili. Akanipigia: "Fungua hicho nilichokutumia. Umeona saa kubwa? Haya, shuka chini yake. Umeona mtu mweusi?"

Nikamwona, mdogo kama punje ya pilipili manga, anapunga mwavuli. Nililia, nikamwambia ni mafua.

Ikawa desturi. Kila asubuhi anasimama dakika moja chini ya ile saa, ananipungia, anaondoka. Nami nikaizoea stesheni: teksi zinazojifungua milango zenyewe, wanafunzi wanaopanga foleni bila kuchapwa, mzee anayefagia majani mahali pasipo na jani hata moja. Nikawa mtalii bila kuvua kandambili.

Alikuwa akisimama saa mbili asubuhi, na kwangu hapo ni saa moja jioni. Wengine hapa huhesabu saa kumi na tatu mpaka vidole viwaishie. Sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili, asubuhi na jioni tunazihesabu sawasawa, kwa hiyo kati yangu na mdogo wangu ilibaki saa moja tu. "Yake, toa moja," niliandika kwenye karatasi, nikaibandika kwenye friji. Nilijivuna kweli, mimi niliyepata F ya jiografia kidato cha nne.

Oktoba wakamkuta na tatizo la moyo. Upasuaji ukapangwa Jumatatu, mwanzoni mwa Novemba. Hakutaka tuongee kwa simu siku hiyo. "Sauti itanisaliti," alisema. "Nitasimama palepale, saa ileile, halafu niende hospitali. We niangalie tu, dada."

Jumatatu asubuhi yake ni Jumapili jioni yangu, na Jumapili ile ndiyo Wamarekani walirudisha saa zao nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka baridi ikikaribia. Niliamka nikatazama saa ya ukutani, nikafika kanisani saa nzima kabla ya wakati. Mlangoni nikamkuta mama mmoja Mkenya, mwenye mdomo wake.

"Ai! Leo Watanzania mmewahi? Kwani Yesu anarudi?"

"Ameshafika, yuko ndani anapanga viti."

Tukacheka mpaka tukashikana. Nikarudi nyumbani, nikapanda juu ya stuli, nikairekebisha saa yangu ya ukutani, nikajisifu kwamba sasa mimi ni mtu wa utaratibu.

Wajapani hawarudishi saa. Hilo halikunipitia akilini. Toa moja ilikuwa imegeuka toa mbili tangu alfajiri, mimi nimelala. Ningeiacha ile saa ukutani iendelee kudanganya, ningemwona. Saa kumi na mbili jioni, wakati yeye amesimama uwanjani, mimi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu, na simu inachaji chumbani.

Ilipotimia saa moja nikaketi, nikafungua kamera kwenye kompyuta. Saa kubwa ya stesheni ilionyesha saa tatu. Mzee alikuwa anafagia. Mahali pa mdogo wangu alisimama mwanamke na kigari cha mtoto. Nikakimbilia simu, nikakuta jumbe zake tatu.

"Umeniona?"

"Konokono?"

"Umeona nilichoshika?"

Ujumbe wa mwisho ulikuwa umeingia dakika hamsini zilizopita. Huyu ni mtu ambaye, tangu aende nchi ile, hata chafya alikuwa anaiombea radhi. Na asubuhi hiyo alikuwa amesimama mbele ya umati wa watu, ameinua kitu juu kwa ajili yangu. Nilishindwa kumwambia kwamba nilikuwa kwenye vitunguu. Nikaandika: "Nimekuona. Na ulichoshika nimekiona, mjinga wewe."

Jibu lilikuja palepale, kana kwamba simu ilikuwa mkononi muda wote. "Nilijua utacheka. Sasa wanachukua simu. Baadaye, dada."

Nikajiambia akizinduka nitaungama, anitukane wiki nzima.

Hakuzinduka.

Nimeuliza. Kamera ile haihifadhi picha zaidi ya saa chache. Mwenzake wa kiwandani aliyefungasha vitu vyake hospitali alisema kwenye begi kulikuwa na taulo, ndara na chaja. Labda lilikuwa bango lenye maneno. Labda chapati. Alikuwa anaweza kusimama na chapati, yule.

Watu wakaja msibani kwangu, wakajaa mpaka kitandani. Mama akapiga simu kutoka nyumbani.

"Wanasema wewe ndiye uliyemwona mwisho."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa anacheka."

"Alivaa nini?"

Chumba kizima kilikuwa kinanitazama. "Sweta," nikasema. "La kijani. Zito."

"Afadhali," akasema mama. "Nilikuwa nawaza ameondoka na baridi."