Maharage Saba Kutoka Kochi Hadi Kwenye Chai

Ukitaka kupanga safari ya gari kusini mwa India, pwani na milimani, nakushauri usianze na ramani. Anza na mgongo wa yule anayeumwa. Hilo nililijifunza mezani kwetu Jordbro, huku Sweden, na mwalimu alikuwa mama yangu.

Mama alichuma chai ujana wake wote katika milima ya Burundi, kikapu mgongoni, na mgongo huohuo ndio unaomsumbua sasa. Mwenzangu wa kazini, dada mmoja kutoka Kerala, jimbo la kusini mwa India, ambaye tunasafisha naye uwanja wa ndege, alinipa picha za milima ya Munnar, chai imefunika kila mteremko. Nilipomwonyesha Mama, alizitazama mpaka simu ikazima taa.

"Nataka nikasimame pale nikiwa mgeni," akasema. "Bila kikapu."

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimruhusu kusafiri kwa sharti moja: asikae ndani ya gari zaidi ya saa moja bila kushuka na kutembea. Likitushinda hilo, Mama abaki nyumbani.

Mume wangu, ambaye ni dereva wa basi, akachukua kalamu. Siku sita, miji mitano. "Tunatua Kochi asubuhi," akasema. "Mpaka Munnar ni kilomita mia na thelathini. Mil kumi na tatu tu! Saa moja na nusu. Mama, unashuka mara moja kujinyoosha, tumefika."

Hapa nieleze kidogo. Watu wa Sweden huhesabu barabara kwa mil, na mil moja ni kilomita kumi. Ukikaa nao miaka mingi kama sisi, kichwani mwako mil kumi zinakuwa saa moja ya lami iliyonyooka, msitu kushoto, msitu kulia. Mume wangu amezaliwa milimani kama mimi, lakini barabara za huku zilikuwa zimetusahaulisha wote wawili. Nilikuwa nimeshakubali.

Mama akauliza, "Hizo kilomita, mkwe wangu, zimelala au zimesimama?"

"Zinasimamaje?"

"Ajabu! Mama yako mwenyewe aliniambia ulivyokuwa ukitapika kila kona ukipelekwa kwa shangazi yako."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikampigia simu yule dada wa Kerala, nikaweka sauti kubwa. Naye alicheka. Ni mwendo wa saa nne, alisema, na tano mkiwa nyuma ya lori. Mume wangu akaiweka kalamu chini.

"Basi nendeni," Mama akasema polepole. "Nitawamwagilia maua."

Lakini hakuondoka mezani. Alikuwa akichambua maharage ya jioni, na baada ya muda akainua kichwa. "Muulize, watu wa huko husimama wapi kunywa chai?"

Nikatafsiri kwa Kiswidi. Dada akaanza kutaja: penye daraja la mto mkubwa, wanapouza mananasi, kanisani penye kivuli, kwenye maporomoko ya kwanza ya maji, ya pili... Kila alipotaja, Mama alichukua harage moja akaliweka juu ya ramani. Yalipofika saba, tukauliza dakika za kutoka moja hadi jingine. Hakuna nafasi iliyozidi dakika arobaini.

Nimeishi na mama huyu maisha yangu yote, na bado siku ile nilimtazama kama mtu ninayemwona mara ya kwanza. Sisi tuliuliza umbali. Yeye aliuliza pa kupumzika.

"Kumbe hii ni laini ya basi," mume wangu akasema, macho yameamka. Akafuta miji mitatu bila kuambiwa. Ikabaki Munnar na mji mmoja wa pwani, Alappuzha, wenye mifereji na njia tambarare za kutembea. Akaandika Januari, mvua kubwa za huko zikiwa zimekwisha. Jambo moja lilimuuma: kule magari hupita kushoto, na dada alisisitiza tukodi gari pamoja na dereva wake.

"Mimi, dereva wa basi, nikae nyuma?"

"Kaa nyuma nami," Mama akamwambia. "Kwenye kona utanishika mkono. Ukitapika, nitakushika mimi."

Kabla ya kukata tiketi tulifanya jaribio. Jumamosi moja tulitoka Jordbro na saa mkononi: safari ya saa tano, vituo saba, mwendo wa kobe, madereva wengine wakitupita huku wakitukodolea macho. Kila kituo Mama alishuka akalizunguka gari mara tatu. Kituo cha Tensta tulinunua ndizi. Cha Märsta, anakokaa, yule dada alituletea chai kwenye chupa hadi maegesho, na Mama akainywa akiwa wima. Njiani kurudi niliogopa kumuuliza mgongo unasemaje.

Tulipofika nyumbani mume wangu alikimbia kumfungulia mlango. Mama alikuwa ameshashuka. Alisimama kwenye lami, akanyoosha mgongo, akakataa mkono wake.

"Hili ndilo harage la saba?"

"La saba, Mama."

"Basi kata tiketi tatu," akasema, akaanza kupanda ngazi mbele yetu.