Makofi ya Mama Didier

Yolande alivuka ziwa Mweru kutoka upande wa Kongo siku alipoolewa, akazeekea Nchelenge, upande wa Zambia. Mumewe Willy alipokufa, aliendelea na biashara ya samaki peke yake. Kila asubuhi alishuka ufukweni Kashikishi kununua chisense, vile visamaki vidogo vya kuanikwa, akajitwika beseni na kupanda nalo mpaka soko la boma, penye ofisi za wilaya. Wavuvi walimwita Mama Didier, kwa jina la mwanawe, mmoja tu aliyembakia.

Huyo Didier alikuwa na nyumba ya mabati pale pale boma. Alikuwa amesoma, akapata kazi ya kutafsiri kwa wataalamu wa kizungu waliokuja kuchunguza wazee wa pwani ya ziwa. Kwa mama yake alifika Krismasi tu, tena hakukaa. Alisema harufu ya samaki inashika shati.

Mwaka 1998 wataalamu hao walikuwa na sikukuu yao. Jarida wanaloandikia, la mambo ya uzee na mazoezi ya mwili, lilikuwa limetimiza miaka mitano, nao wakataka kusherehekea pamoja na wazee waliowapima. Wakakodi ukumbi, wakaleta keki na soda. Didier akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwa mama yake.

"Mama, vaa kikwembe kizuri. Bazungu banataka kukuona."

Yolande alifurahi mno. Alidhani mtoto wake anataka kumwonyesha kwa wakubwa wake, aseme: huyu ndiye aliyenizaa. Akaoga, akajipaka mafuta, akamfuata.

Ukumbini walimwomba akae kwenye kiti na kuinuka bila kushika kitu, kisha atembee mpaka mlangoni na kurudi. Akafanya yote, na wageni wakatikisa vichwa kwa mshangao. Ndipo profesa mmoja mwenye mvi akauliza anapata wapi nguvu hizo. Didier akamgeuzia mama yake swali kwa Kiswahili.

"Nguvu?" Yolande alisema. "Mwambie hivi: minatembea sababu sina mutu wa kunisaidia. Mutoto wangu iko hapa karibu, ana nyumba, lakini haniletee hata sahani ya bukari nikule. Siku nikiacha kubeba beseni, njo siku nitalala njala. Magoti inaniuma mpaka minalia. Hii haiko nguvu."

Didier alitazama sakafu. Kisha akainua uso, akatabasamu, akasema maneno machache ya Kiingereza.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Profesa akainuka, akaja kumshika Yolande mkono kwa mikono yake miwili.

Yolande alibaki ameduwaa. Yeye ametaja njaa, na watu wanashangilia! Akatazama huku na huku. Mukuka, nesi wa zahanati aliyekaa kando yake na aliyejua lugha zote mbili, peke yake hakupiga makofi.

"Amesema nini?" Yolande akamnong'oneza.

"Mama Didier, acha tu."

"Niambie."

Mukuka akashusha pumzi. "Amesema unatembea kwa sababu unapenda. Ati watoto wako wanakukataza kila siku, lakini wewe hutaki kupumzika."

Nje, Didier alimletea soda. "Mama, ningesema nini? Ile kazi njo inanilisha. Ulitaka nipate aibu mbele ya wakubwa?"

"Inakulisha weye," Yolande alijibu. Akashika njia ya kwake kwa miguu, ingawa Didier alimwita kwamba gari liko tayari.

Mvua zilipoanza, aliteleza kwenye tope la ufukweni akiwa na mzigo, akavunjika nyonga. Mukuka alimwendea Didier nyumbani kwake.

"Usipomchukua mama yako," alimwambia, "nitakwenda kwa wageni wako na kuwaambia alichosema kweli."

Didier akamchukua. Mkewe, Clotilde, alimwogesha mama mkwe wake, akamlisha, na wawili hao walizungumza na hata kucheka. Lakini kwa mwanawe Yolande hakuwa na neno. Didier akisimama mlangoni na kuuliza, "Mama, umelala muzuri?" mama alimgeukia Clotilde: "Mwambie nimelala vibaya."

Mwanzoni Didier alicheka. Halafu akawa anakasirika, anabamiza mlango. Jioni moja alikuja akapiga magoti kando ya kitanda, machozi yanamtoka.

"Mama, nisamehe. Nilikosa."

Yolande alimtazama kama mtu anayetafuta sura aliyoijua zamani. Kisha akageuza kichwa.

"Clotilde, huyu anasema nini?"

Clotilde akatoka na sahani mikononi.

Yolande alikufa wakati wa baridi. Didier alikuwa Lusaka na wageni wake. Clotilde na Mukuka walimwosha, wanawake wa ufukweni wakamlilia, na hawakumngoja mtu. Didier alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka.