Kivuli cha Cheptanui

Cheptanui aliuza mursik, yale maziwa ya kugandishwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa, kando ya barabara ya Molo inapoingia Nakuru. Alianza wakati mijakaranda ilikuwa pande zote mbili, na mtu alitembea adhuhuri bila kukunja uso. Baada ya Uhuru malori ya viazi yakazidi. Miti ikakatwa yapate pa kuegesha, lami ikamwagwa. Kufikia mwaka wa sabini na tatu ulibaki mti mmoja tu, alipokaa yeye.

Joto? Kuku wa jirani alitaga yai limeshachemka. Mwenye kubisha akamuulize kuku. Mijusi walivuka lami kwa miguu miwili, ile mingine ikipoa. Malori nayo yalisimama yakinguruma na kupumua moto kama fahali wenye homa. Maziwa ya kungoja siku kadhaa, yakiachwa juani, yaliiva kwa asubuhi moja, yakafyatua kizibo. Kivuli kile kikienda, Cheptanui hana cha kuuza.

Ndipo akaja Wasike, nyapara wa barabara, na watu wake, msumeno na kamba ya kupimia.

"Mama, hama. Mti unaziba barabara."

"Barabara ndiyo iliyoukuta mti hapa."

"Haya ni maendeleo, mama."

"Basi tuongee. Lakini toka kwenye kivuli changu! Utakiuaje na huku umejificha ndani yake? Simama kule kwa lami yako, katikati ya malori yako. Ukinishinda kwa maneno, nitakushikia msumeno mwenyewe."

Madereva waliojilaza chini ya mti wakapiga makofi. Wasike angekataaje mbele ya wanaume? Akaenda, akaanza habari za ramani. Lami ilikuwa laini kama uji mzito. Viatu vyake vipya vikazama. Lori likamtemea moshi moto shingoni.

"Sema, mwanangu, nasikia!" Cheptanui akaita, akijipepea kwa leso.

Alipofika kwenye neno "serikali," koo likakauka. Akarudi mbio kivulini na soksi tu. Viatu vilibaki vimesimama kule kwenye lami, kama vinaendelea na mkutano.

Cheptanui akammiminia kikombe. Akakimaliza.

"Hujanishinda bado. Rudi umalizie."

Wasike akatazama viatu, akatazama matawi. Akawaambia watu wake waihamishe kamba ya kupimia, izunguke mti.

"Sogezeni tena," akasema Cheptanui. "Mizizi pia inataka nafasi."